Mzinga wa Mti Pale Kigoma: Kusanifu Mchezo wa Vita wa Mtu Mmoja

Juni 1916, ndege ndogo zenye maboya badala ya magurudumu ziliruka kutoka Mtoa, ukingo wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, zikavuka maji kwenda kuipiga Kigoma kwa mabomu. Zilikuwa za aina ya Short 827, nne kwa jumla, zimetolewa na Waingereza na kurushwa na Wabelgiji. Rubani anayekumbukwa zaidi ni Aimé Behaeghe. Shabaha yao kuu ilikuwa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Iliingizwa majini Februari 1915, na tangu ilipoanza kazi hakuna chombo cha Wabelgiji wala Waingereza kilichoweza kuikabili ziwani.

Huu ndio mkasa ninaousanifia mchezo wa mezani hapa Bunia. Ni mchezo wa vita wa mtu mmoja: ramani ya karatasi, karata chache, dadu mbili, na vizibo vya soda vile vile tunavyochezea dama. Umeme ukikatika, mshumaa unatosha. Dama, bao na ludo vyote vinataka mtu wa kukaa mbele yako. Katika mchezo wa mtu mmoja kiti hicho hukaliwa na sheria zenyewe: karata zinaamua adui anafanya nini, dadu zinaamua kama bahati imesimama nawe.

Hapo ndipo ugumu wa mizani unapoanzia. Katika mchezo wa watu wawili, ukipunja upande mmoja, aliyepunjwa atalalamika kabla chai haijapoa. Karata hazilalamiki. Zinaweza kuwa dhaifu mno au katili mno, na msanifu asijue hadi mchezaji aukunje ubao asirudi tena.

Michezo ya aina hii kuhusu ndege za mabomu ipo tangu zamani. Unaojulikana zaidi ni B-17: Queen of the Skies wa Glenn Frank, uliotoka 1981. Mchezaji anapewa ndege moja ya Kimarekani na wanajeshi kumi ndani yake, na lengo ni kumaliza safari 25 juu ya Ulaya inayoshikiliwa na Wajerumani. Hesabu yake inafundisha. Tuseme katika kila safari ndege 4 kati ya 100 hazirudi. Kwa safari moja hiyo inaonekana hatari ndogo. Izidishe mara 25, utakuta ni ndege 36 tu kati ya 100 zinazofika mwisho. Ongeza hatari iwe 5 kwa 100, wanaofika wanashuka hadi 28. Mabadiliko ambayo mchezaji hayahisi katika safari moja yanageuza hatima ya mchezo mzima, ndiyo maana msanifu hupima mwisho wa safari zote kwanza, kisha anarudi nyuma kupanga dadu ya safari moja.

Nauheshimu mchezo huo, lakini una kasoro ambayo sitaki kuirithi: mchezaji hurusha dadu na kutazama yaliyompata. Maamuzi yake ni machache. Huenda hiyo ni picha ya kweli ya mtu aliyefungwa ndani ya ndege ya bati kati ya mamia ya ndege nyingine. Marubani wa Mtoa walikuwa katika hali tofauti. Walikuwa wachache, juu ya maji, na mengi yaliamuliwa na wao wenyewe palepale angani.

Basi nilianza na petroli. Short 827 ilikuwa na mwendo wa takriban kilomita 100 kwa saa, na iliweza kukaa angani saa tatu na nusu. Kutoka Mtoa hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 100. Nikigawa muda kwa robo saa, mchezaji ana vizibo 14 vya petroli. Kwenda kunakula vitano, kurudi vitano, na upepo wa mbele ukipiga kurudi ni sita. Vinabaki vitatu au vinne vya kufanyia kila kitu juu ya Kigoma: kuzunguka, kushuka, kulenga, kutazama. Mchezaji akisita, petroli haimsubiri, kwa hiyo uamuzi unaingia mchezoni wenyewe bila sheria ndefu za kuulazimisha.

Halafu injini na hewa. Ziwa Tanganyika liko mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya moto ya mwinuko huo haibebi mabawa kama ya pwani ya Ulaya. Sisi wa Bunia, tulio juu ya mita 1,200, tunajua ndege inavyohitaji njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Ndege ya maboya inapambana pia na maji yanayoing'ang'ania. Wazo la haraka ni kurusha dadu moja katika kila hatua, na 1 ikitokea, umeanguka. Kuna hatua tano: kuinuka, kuvuka, kushambulia, kurudi, kutua. Kila moja ina nafasi 5 kati ya 6 za kupita salama, na inaonekana ni huruma tupu. Zizidishe: safari nzima inafaulu mara 40 kati ya 100. Kwa ndege nne, mchezo unakwisha kabla mchezaji hajajifunza chochote.

Tiba yake ni kuifanya 1 iwe jeraha badala ya kifo. Kila 1 inaiongezea injini alama ya uchovu. Alama moja, ndege inapunguza mwendo na kula kizibo zaidi cha petroli. Mbili, lazima irudi. Tatu, inatua ziwani, na hapo swali ni kama mashua itaifikia kabla ya mawimbi. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, wanaolijua Ziwa Albert likichafuka mchana, hawahitaji kuelezwa kwa nini sheria hiyo ni kali. Alama hazifutiki usiku mmoja. Fundi anazipunguza akiwa na vipuri, na vipuri vilitoka mbali: kwa meli na treni kwa zamu kutoka Matadi, kupitia Mto Kongo, hadi reli ya Kabalo iliyofika ziwani 1915.

Sasa mabomu. Natumia dadu mbili kwa sababu jumla zake hazilingani: 7 ina njia 6 kati ya 36 za kutokea, 12 ina moja tu. Ukilenga kutoka juu unahitaji 10 au zaidi, yaani njia 6 kati ya 36. Ukishuka chini unahitaji 8, njia 15. Lakini bunduki za ardhini zinakupata kwa 11 ukiwa juu, njia 3, na kwa 9 ukiwa chini, njia 10. Kushuka kunazidisha nafasi ya kupiga mara mbili na nusu, na hatari zaidi ya mara tatu. Makusudi nimeiacha bei hiyo iwe mbaya kidogo, ili anayeshuka awe na sababu nyingine ya kushuka.

Sababu hiyo ndiyo moyo wa mchezo. Götzen ilibeba mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Geoffrey Spicer-Simson, Mwingereza aliyeziburuta mashua Mimi na Toutou kupitia Katanga, aliiteka meli ya Wajerumani Kingani Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Götzen ilipojitokeza alikataa kuishambulia. Mzinga ule ungezisambaratisha mashua zake. Lakini mwaka huohuo wa 1916 Wajerumani waliuondoa mzinga huo wautumie nchi kavu, wakaweka wa mti mahali pake.

Anayejua historia hii atakaa mezani akiwa na siri mfukoni, na hilo linaua mchezo wowote wa mtu mmoja. Ufumbuzi wangu ni karata nane, moja tu ikisema mzinga umeondolewa. Toka Juni 10, mchezo unapoanza, hadi mwisho wa Julai ni wiki saba. Kila wiki mchezaji anaweka karata moja kifudifudi kando ya meli bila kuitazama. Wiki ya nne, uwezekano kwamba mzinga ni wa mti ni nusu kwa nusu. Wiki ya saba ni saba kwa nane, na mara moja kati ya nane hautaondolewa kamwe. Kujua historia hakumsaidii kujua wiki. Atajua kwa kushuka tu, kutumia vizibo viwili vya petroli akizunguka juu ya bandari chini ya risasi, ndipo afunue karata. Kila mzunguko wa kutazama ni bomu lisilolengwa vizuri. Anaweza pia kutuma mashua bila kutazama, na kama mzinga ni wa kweli, watu wa mashua hawarudi.

Kuna jambo jingine ambalo uaminifu unadai. Mabomu hayakuizamisha Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 26 kwa sababu majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanakuja kwa nchi kavu, na Kigoma ikachukuliwa Julai 28. Majeshi hayo yalitembea juu ya migongo ya wapagazi wasiohesabika. Katika mchezo, safu yao inasonga kwenye ukingo wa ramani kila wiki, mchezaji afanye asifanye. Siwezi kumwahidi ushindi ambao rubani hakuwa nao. Ninachoweza kumpima ni kile anachowapa wengine: habari za kweli kuhusu mzinga, mashua zilizookoka, marubani waliobaki hai. Hata hao maradhi yaliwangoja. Behaeghe alifariki Niemba Desemba mwaka uleule.

Na kila bomu lililokosa meli lilianguka mahali fulani. Michezo mingi huliacha lipotee hewani. Kwangu linarushiwa dadu: 1 hadi 3 ni maji, 4 na 5 ni gati na reli, 6 ni nyumba za watu wa Kigoma, na kizibo chekundu kinabaki juu ya nyumba hizo hadi mwisho. Mji wetu uliwahi kuwaona wanajeshi wa Ulaya wakitua kwenye uwanja wake wa ndege Juni 2003, baada ya majuma ya mauaji, na Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Watu wa hapa husikia mngurumo wakanyanyua macho kabla ya kuuliza ndege ni ya nani. Siwezi kuwawekea mezani mchezo wa mabomu ambamo chini hakuna mtu.

Kwa hiyo mchezaji aliyeipata meli kwa bomu huku vizibo vyekundu vitatu vikiwa mjini anahesabiwa chini ya yule aliyerudi na mabomu yake na jibu la mzinga. Baadhi ya wanaonisaidia kuujaribu wanaona hesabu hiyo inamwonea rubani shujaa, wanataka kizibo chekundu kipunguze alama moja badala ya tatu. Dadu nimekubali kuzirekebisha mara nyingi. Hiyo tatu nimeiacha.