AHADI NI DENI, HATA NDANI YA KOMPYUTA



MTN Rwanda ilianza huduma ya pesa kwa simu mwaka 2010. Leo mshahara wa kibarua wa Cyanzarwe unaweza kumfikia shambani bila yeye kupanga mstari mbele ya karani. Lakini nyuma ya simu ipo programu, nayo imeandikwa na mfanyakazi kama sisi. Isipopimwa vizuri, atakayelala njaa ni kibarua. Kwa hiyo vijana wanaojifunza kuandika programu wasome makala hii, na wazee wasiseme haituhusu.

Kwanza tuelewe malipo. Programu ya mwajiri ikituma ombi la kulipa kwa MTN MoMo, hujibiwa kwa namba 202. Maana yake ni kwamba ombi limepokewa, si kwamba pesa zimefika. Baadaye programu lazima ipate jibu la pili: malipo yanasubiri, yamefaulu, au yameshindwa.

Katika lugha ya JavaScript, jibu la kungojewa namna hii huitwa ahadi. Ahadi ziliingia rasmi katika lugha hiyo mwaka 2015. Ahadi ina hali tatu: inasubiri, imetimia, au imevunjika.

Pili tuelewe kupima. Mwandishi mwangalifu hupima kila kipande cha programu peke yake. Programu za kupimia, kama Jest na Mocha, huendesha kipande, hukagua jibu, kisha huonyesha kijani kwa kufaulu na nyekundu kwa kushindwa.

Hatari iko hapa. Tuchukue mfano wa shamba la viazi. Mkaguzi anafika Alhamisi kuuliza kama vibarua wamelipwa. Karani anamjibu, "Watalipwa Jumamosi." Mkaguzi anaandika "Sikuona kosa," anapiga muhuri, anakwenda zake. Jumamosi pesa hazipo, lakini karatasi imekwisha kupigwa muhuri.

Jaribio lisilorudisha ahadi ni sawa na mkaguzi huyo. Linafika mwisho wa mistari yake bila kosa, linapewa kijani. Ahadi ikivunjika baadaye, jaribio limekwisha kuhesabiwa kuwa limefaulu.

Basi tufanye hivi:

1. Rudisha ahadi. Andika "return lipaMshahara(mfanyakazi).then(kagua)". Au tumia "await", neno lililoingia katika lugha hiyo mwaka 2017. Hapo programu ya kupimia itangoja.

2. Pima na kushindwa pia. Namba ya simu ikiwa na kosa, ahadi inapaswa kuvunjika. Angalia mtego: ukaguzi ukiwekwa ndani ya "catch" peke yake, na ahadi ikatimia pasipostahili, ukaguzi haufanyiki kabisa, na bado unaona kijani. Katika Jest, anza na "expect.assertions(1)", yaani jaribio lisihesabiwe kufaulu mpaka ukaguzi mmoja umefanyika kweli.

3. Usipime kwa pesa za watu. Weka karani wa bandia: mara ya kwanza akubali, mara ya pili akatae, mara ya tatu anyamaze. Usipobadilisha muda, Jest hungoja sekunde 5 na Mocha sekunde 2. Ukipita, jaribio limeshindwa. Kimya kisihesabiwe kuwa malipo.

4. Lipime jaribio lenyewe. Badilisha makusudi kiasi unachotazamia: penye faranga 3,000 andika 1. Kijani kikibaki, ujue jaribio halikagui kitu. Ukimaliza, rudisha 3,000.

Na nyinyi wawakilishi wa wafanyakazi, mwajiri akisema, "Mtambo umepimwa," msitosheke. Muulizeni: Majaribio yalingoja jibu? Yalipima malipo yaliyoshindwa? Baada ya namba 202, nani huhakikisha kwamba pesa zimefika? Zisipofika, kibarua ataambiwa siku gani, na nani? Ulizeni kwa heshima, andikeni majibu, yaleteni mkutanoni.

Mtoto hali alama ya kijani. Pesa zikifika mkononi mwa aliyezitolea jasho, ndipo tutasema deni limelipwa.