Kompyuta mpakato: kinachoongezeka na kisichoongezeka (2)

Wiki iliyopita tuliangalia namna ya kuchagua mashine iliyokwisha tumika. Leo tunaifungua. Hapa Iyunga, kando ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wanafunzi wa uhandisi huniuliza: mashine inakwama nikichora, niiuze au niiongezee nguvu? Inategemea jinsi ilivyoundwa.

ThinkPad T480, ya mwaka 2018, ina nafasi mbili za ramu ya DDR4. X1 Carbon, ya ukoo huohuo wa ThinkPad, ni nyembamba na inapendeza, lakini ramu yake imelehemiwa kwenye ubao mkuu. Uliyonunua nayo ndiyo hiyohiyo mpaka mwisho. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Performance kisha Memory. Mara nyingi utaona nafasi ngapi zimetumika. Ukinunua ramu, fuata aina ya mashine yako: DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, kwani pengo lake limekatwa mahali pengine.

Lakini kama bado una diski ya kuzunguka, hela ya kwanza iende huko. Diski hiyo husoma kama MB 100 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA hufika MB 500. Faida kubwa zaidi iko kwenye mafaili madogomadogo ambayo Windows huyasoma kwa maelfu inapowaka. Kichwa cha diski hulazimika kuhamahama kuyafuata. SSD haina kitu kinachotembea. Mashine iliyokuwa ikikuchosha kila asubuhi inawaka ukiwa bado unavuta kiti.

Prosesa usiihesabu. Kwenye mashine nyingi za miaka ya karibuni nayo imelehemiwa, na hapo ndipo wengi wanaumia: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Ndiyo maana nilisisitiza ukague kizazi kabla ya kulipa.

Juni na Julai, baridi kavu ya Mbeya na sweta la sufu huzalisha umeme tuli unaoweza kuua ramu. Chomoa chaja, tenganisha betri, gusa chuma kisicho na rangi, kisha shika ramu kwa kingo zake. Iingize kwa mshazari, uishushe mpaka vibanio vyote viwili viibane.

Wiki ijayo: betri na chaja.