"Husikia Anapotaka": Lawama Isiyo na Msingi

Karibu kila ukoo una mzee anayesingiziwa kwamba husikia anapotaka. Lori likipita barabarani anauliza limebeba nini. Mjukuu wake wa kike akimwita chakula kimeiva, kimya. Nyumba nzima inacheka. Anayechekwa hana ujanja wowote. Ndivyo sikio linavyochakaa.

Ndani kabisa ya sikio mna kochlea, mfereji mdogo uliojiviringisha, wenye seli za vinyweleo zinazokaribia 15,000 kila upande. Seli hizo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara zinazosafiri kwenye neva hadi ubongoni. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba zimekaa mwanzoni mwa mfereji, na kwa kawaida hizo ndizo hutangulia kufa. Mzee bado anapata mngurumo wa lori na irabu za maneno, ila "s", "f" na "sh" zinampita. Akiambiwa "shika" hajui kama ameambiwa "fika". Ndiyo maana wengi husema, "Nakusikia, ila sikuelewi," na kauli hiyo ni sahihi kitabibu.

Basi tunampigia kelele. Kelele hukuza zile irabu alizokwisha kuzisikia, huku mdomo wa msemaji ukipinda na uso ukionekana wa hasira. Kinachosaidia ni kumkabili, kuzima redio na kutamka taratibu. Asipoelewa, tumia maneno mengine badala ya kurudia yaleyale.

Wengine hudhani kila asiyesikia anasoma midomo. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, papa, mama. Midomo inafanya jambo moja mara tatu. Anayesoma midomo anakisia kwa kufuata mada, macho na mazingira, na kazi hiyo inachosha mno. Akikaa kikao cha saa mbili atatoka hoi kuliko mwenyekiti. Hata kifaa cha usikivu hakirudishi masikio ya ujana. Kinakuza sauti, na sokoni kinakuza pia honi, matangazo na porojo za majirani.

Hao ni waliopoteza usikivu ukubwani. Kwa aliyezaliwa kiziwi, dhana potofu ni nzito zaidi. Huitwa bubu, ilhali koromeo lake mara nyingi ni zima. Hakujifunza kusema kwa kuwa hakusikia wengine wakisema. Kisha hudhaniwa kuwa hana akili, na hapo ndipo madhara makubwa hutokea, kwa sababu mtoto anayedhaniwa hivyo hafundishwi.

Sayansi imeshalijibu hilo. Viziwi waliopata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo wamechunguzwa, na baadhi yao walipoteza lugha ya alama, kama vile msikivu anavyopoteza maneno, ingawa waliweza kuona na kutumia mikono kwa shughuli nyingine. Ubongo hauihesabu lugha hiyo kuwa maigizo. Ina sarufi yake, na si moja dunia nzima: ya Tanzania ina alama zake na ya Kenya zake.

Kilichoichelewesha ni uamuzi wa watu. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, karibu wajumbe wote wakiwa wasikivu, uliazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kusemeshwa, si kwa alama. Shule nyingi zilifuata, na watoto wakakatazwa kutumia mikono yao. Mwaka 2010 mkutano kama huo, uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio hayo na kueleza masikitiko. Miaka 130! Mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya iliiweka Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Kuheshimu viziwi hakuzuii kukinga masikio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Surua, rubela na homa ya uti wa mgongo zina chanjo. Usaha wa sikio unatibika, na si kwa kumimina mafuta ya kupikia. Sindano za jentamaisini huokoa maisha ya watoto wachanga, lakini zinaweza kuua zile seli za vinyweleo, hivyo zinahitaji kipimo sahihi na uangalizi.

Mtoto asiyeshtuka mlango unapobamizwa, au asiyegeuka anapoitwa akiwa na miezi tisa, apelekwe hospitali akapimwe. Majirani watakwambia atasema tu, hata mjomba wake alichelewa. Usiwasikilize. Ikithibitika ni kiziwi, anza kujifunza alama wewe mwenyewe wiki hiyohiyo, kwani miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hushika lugha kwa urahisi, na mtu wa kwanza wa kuzungumza naye ni wewe mzazi.