Kitanda au Kiti: Hesabu ya Treni ya Kigoma

Mfanyabiashara wa Kadutu anayekwenda kufuata vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, hana treni ya kupanda hapa Bukavu. Wabelgiji walijenga reli ya Uvira, ikaishia Kamanyola, kisha ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi barabara ya Uvira ikipitika, reli yetu ni ile ya Kigoma, iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,250, na kwa kawaida utalala njiani mara mbili.

Dirishani utachagua: daraja la tatu, la pili kukaa, la pili kulala au la kwanza. Wengi hukata la tatu kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Hapo ndipo wanapojipunja. La pili kulala limezoeleka kuwa kama mara mbili ya la tatu, lakini ndani ya tofauti hiyo umeshalipia malazi ya siku mbili. Aliyekesha kwenye kiti hufika Dar akatafuta gesti mchana, alale kwanza, ndipo akaulize bei ya kitenge. Hiyo nayo ni nauli.

Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, vitatu kila upande. Omba cha juu, maana mchana kutwa cha chini ni benchi la wote. Wanawake na wanaume hulazwa vyumba tofauti. Familia inayotaka kukaa pamoja hununua chumba kizima. La kwanza lina vitanda vichache zaidi, lakini injini ni ile ile na saa ya kufika ni ile ile. Mtu wa biashara hiyo fedha aiongeze kwenye mtaji.

Kitanda cha bei nafuu kimetafutwa muda mrefu. Mbelgiji Georges Nagelmackers alianza na mabehewa ya kulala ya matajiri wa Ulaya miaka ya 1870. Wahamiaji wa Canada walipewa vitanda vya mbao tupu, godoro kila mtu na lake. Mwaka 1956 Marekani ikapata Slumbercoach: vyumba vidogo vya watu 40 katika behewa moja, kwa nauli ya kawaida na nyongeza kidogo. Kinachoshusha bei ni kujaza watu wengi behewani, na ndiyo maana ya vile vitanda sita.

Tangu 2024 kuna pia treni ya umeme ya Dodoma hadi Dar, isiyo na vitanda. Ilianza kwa shilingi 31,000 daraja la kawaida, kwa saa zisizofika nne. Ukienda mikono mitupu, kushukia Dodoma na kubadilisha kunafaa. Ukirudi na marobota, usijaribu: panda treni ya Kigoma pale Dar kwenyewe, mzigo ushushwe mara moja tu. Na tiketi za kulala huisha mapema, kwa hiyo mwombe ndugu aliye Kigoma akukatie kabla hujavuka mpaka.