Bonde la Ufa Halipasuki Kesho, Lipa Deni

Oyah wasee wa Nax, Machi 2018 mnaikumbuka? Mvua ilikuwa noma, na hapo karibu na Suswa, kwa barabara ya Mai Mahiu kuenda Narok, ardhi ikafunguka. Shimo ndefu, mahali zingine kina ya mita 15 na zaidi, ikakata lami katikati. Kabla mawe ya kuijaza yafike, klipu zilikuwa zimefika kila simu kutoka Kaptembwo mpaka Lanet. Magazeti ya majuu yakaandika ati Afrika inakatika mbili. Mbogi nayo ikashika kazi: huyu anauliza kama watu wa Mombasa watahitaji pasipoti kukuja Naivasha, yule anauza ploti za ufuo hapo Gilgil, mwingine anamwambia shailoki, "Pole buda, niko bara ingine."

Sasa form ni hii. Ni ukweli Bonde la Ufa linapanuka. Bamba la Somalia linajitoa kwa bamba la Nubia, lakini spidi ni milimita chache kwa mwaka. Kucha yako inakua kama milimita 3 kwa mwezi mmoja tu. Yaani wewe na hizo kucha zako mnawacha bara mbali sana. Bahari ikikuja kuingia hapo, itakuwa imechukua mamilioni ya miaka. Shailoki atakuwa amekupata kitambo.

Na hiyo shimo ya Suswa je? Wanajiolojia wengi walicheki wakasema ni jivu. Volkano za hii side, Suswa na Longonot, zilimwaga majivu enzi hizo, yakafunika nyufa za zamani. Juu kunakaa fiti kabisa, unapanda mahindi, unasimamisha keja. Huku chini, maji ya mvua yanapenya na kubeba jivu mdogo mdogo, mpaka kunabaki pango. Siku mvua imekazana, dari ya hilo pango inaingia, na wewe unadhani imetokea leo asubuhi. Hiyo stori ni tamu kuliko ya bara kukatika, lakini nani aliiforwadi?

Manze, tunaishi mahali vitu kama hizi ziko kila kona. Cheki flamingo. Wakianguliwa huwa kijivu, halafu wanageuka pinki juu ya kile wanamanga: vijidudu vya kijani vinaitwa spirulina, vinavyonawiri kwa maji ya magadi. Hiyo si filta, ni dishi. Miaka ya 2010 Ziwa Nakuru likaanza kujaa, likameza hadi geti kubwa ya mbuga, magadi yakapunguzwa makali na maji mapya, dishi ikaisha, flamingo wengi wakahepa kuenda Bogoria. Ukiposti ati warembo wa Nax wamehamia Bogoria kufuata msosi, umechekesha na umefunza, na hujadanganya mtu. Lakini ziwa lilifuata watu wa Mwariki mpaka mlangoni pia. Utani wa flamingo unaenda. Utani wa keja ya mtu iliyozama hauendi, hata kama una sayansi ndani.

Halafu kuna ile klipu ya ikweta haifi. Karai lina tundu, maji yanazunguka hivi, jamaa anavuka hatua kadhaa, yanazunguka vile. Ukipita Mogotio kwa kibao cha ikweta, utaikumbuka tu. Dunia ikizunguka inapinda vimbunga, hiyo ni kweli. Lakini kwa ikweta yenyewe hiyo nguvu ni sufuri, hatua chache kando ni kama hakuna, na karai ni dogo sana kuisikia. Kinachoamua ni mkono wa mwenye kumwaga. Toboa karai ya mathako, ujaribu mara kadhaa bila kuvuka mahali popote. Maji yatakuzungukia pande zote mbili, na hiyo ndio klipu ya kuposti.

Mimi sisemi mpunguze vichekesho. Nasema tu, weka sababu ndani ya hiyo joki, juu sababu ndio inabaki na kazi bando ikiisha. "Afrika inakatika" ilichekesha wiki moja. Stori ya jivu iko na kazi mpaka leo, hata hapa Nax: upande wa magharibi wa mji, mvua ikizidi, ardhi hutitia kufuata nyufa za zamani, na kuta za watu zinaenda nayo. So siku broka anakupeleka kuona ploti ya bei ya kutupa, wachana na maswali ya bara. Muulize maji ya mvua hupitia wapi, na ukague kuta za majirani. Akianza kukohoa, ishia.