Percy Abeysekera na timu aliyoishabikia kabla haijatambuliwa

Hapa Pwani neno shabiki tumelikabidhi kandanda. Mtu akisema yeye ni shabiki, swali la pili ni Arsenal au Man U, basi. Kriketi wengi wetu tunaijua kwa kupita tu karibu na uwanja wa Mombasa Sports Club na kuona watu waliovaa nyeupe wamesimama juani kutwa. Leo nataka kueleza maisha ya mzee mmoja aliyekesha na mchezo huo tangu utotoni hadi kufa kwake, Percy Abeysekera wa Sri Lanka, kwa sababu naona habari yake inatugusa Wakenya kuliko tunavyodhani.

Alizaliwa 1936, nchi yake ikiitwa Ceylon na ikitawaliwa na Mwingereza. Mwaka 1948 timu ya Australia ya Don Bradman, ikiwa safarini kwa meli kwenda Uingereza, ilipitia Colombo ikacheza mechi ya siku moja. Percy alikuwa mtoto wa shule. Tangu enzi hiyo hakuubanduka mchezo.

Asiyeifuatilia kriketi huenda asione uzito wa jambo hilo. Kriketi ina ngazi. Ya juu kabisa huitwa Test, mechi ya siku tano, na nchi haiingii humo mpaka ikubaliwe na waliotangulia. Sri Lanka ilikubaliwa 1981, ikacheza Test yake ya kwanza Februari 1982 mjini Colombo, ikafungwa na Uingereza. Hesabu mwenyewe: mzee huyu alikuwa ameishabikia kriketi ya nchi yake zaidi ya miaka 30 kabla wakubwa hawajaitambua. Wengi wetu huchagua timu ikiwa tayari na vikombe kabatini.

Bendera ndiyo iliyomfanya ajulikane. Alianza kuipeperusha wakati wa Kombe la Dunia la 1979, mashindano ambayo Sri Lanka, bado haina hadhi ya Test, iliifunga India. Tangu hapo wapigaji wa Sri Lanka walizoea kumwona Percy na bendera yake wakiingia na wakitoka uwanjani. Alikuwa na vina vya papo kwa papo, kwa Kisinhala na kwa Kiingereza, na aliwatania wapinzani bila kuwatukana, ndiyo maana wapinzani wenyewe walimpenda. Sisi watu wa kujibizana kwa mashairi tungemwelewa upesi sana.

Mwaka 1996 Sri Lanka ikatwaa Kombe la Dunia, na Kenya ilikuwa kundi moja nayo. Tarehe 6 Machi kule Kandy walitupiga mikimbio 398, rekodi ya dunia wakati huo kwa mechi za siku moja. Tulijibu kwa 254. Si aibu, maana siku chache tu kabla, Februari 29, vijana wetu walikuwa wameiangusha West Indies mjini Pune, India. Miaka saba baadaye tuliwalipa Sri Lanka deni lao. Baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa Kombe la Dunia. Sri Lanka walikuja, na Collins Obuya akawang'oa wiketi tano. Kenya ikafika nusu fainali.

Basi kwa nini wao wana Percy na sisi hatuna? Nimesikia watu wakisema Mkenya hana uvumilivu na timu inayofungwa. Siamini. Mashabiki wa Gor na AFC wamevumilia mengi. Tofauti ni kwamba Percy hakuwahi kukosa mechi ya kwenda kutazama. Kule shule hucheza kriketi mbele ya umati, na mechi ya Royal na St Thomas' ya Colombo imekuwako tangu karne ya 19. Timu ya taifa ikilala, mtoto bado ana kitu cha kupigia kelele Jumamosi. Hapa, baada ya 2003, timu kubwa ziliacha kuja, viongozi na wachezaji wakavutana, na mwaka 2014 tukapoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Shabiki hawezi kushangilia uwanja mtupu.

Simpambi mzee wa watu. Maisha ya namna hiyo yana gharama, na mapenzi hayalipi dawa. Septemba 2023, akiwa dhaifu, bodi ya kriketi ya Sri Lanka ilimpa rupia milioni 5 za kumsaidia. Kwa maoni yangu zilichelewa, lakini zilikuja, na ni bodi chache duniani zinazokumbuka mtu wa jukwaani. Mwezi huohuo nahodha wa India, Rohit Sharma, alimtembelea nyumbani kwake Colombo, katika mashindano ambayo fainali yake Sri Lanka walitolewa wote kwa mikimbio 50 tu.

Alifariki mwishoni mwa Oktoba, miaka 87, Kombe la Dunia likiendelea India. Tarehe 30 ya mwezi huo Sri Lanka walifungwa mjini Pune na Afghanistan, timu ambayo miaka kumi tu nyuma ilikuwa ikigombania nafasi na Kenya.