Ng'ombe wa wakati ujao: watoto wetu na filme Kizazi Moto



Tangu likizo kubwa, watoto wa hapa Bihambwe wana jina jipya mdomoni: Ndahura. Utalisikia mahali pa kuteka maji, njiani kwenda shule, hata kwa vijana wanaochunga ng'ombe kule vilimani. Ndahura si mchezaji wa mpira wala mwimbaji. Ni kijana mchungaji katika filme ya kuchorwa, inayoeleza mambo ya wakati ujao. Kwa kuwa mama wengi wa vikundi vyetu wameniuliza filme hiyo ni kitu gani, na kama inafaa kwa watoto, nimeona vema tuizungumze hapa kwa utaratibu.

Filme yenyewe

Mkusanyo wote unaitwa Kizazi Moto, na jina hilo ni la Kiswahili chetu. Ni filme fupi 10, kila moja ya dakika 10 hivi, zilizotoka tarehe 5 Julai 2023. Watunzi wake ni Waafrika wa nchi 6: Uganda, Kenya, Zimbabwe, Nigeria, Misri na Afrika Kusini. Kazi ilisimamiwa na studio Triggerfish ya Afrika Kusini, na mtayarishaji mkuu alikuwa Peter Ramsey, Mmarekani mweusi, mmoja wa waongozaji watatu wa ile filme ya Spider-Man iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Kila mtunzi aliombwa kuonyesha Afrika ya kesho kama anavyoiona yeye: mashine, vyombo vya kuruka, na hadithi za mababu, vyote pamoja.

Hiyo inayopendwa sana hapa kwetu inaitwa Herderboy. Aliyeitunga ni Raymond Malinga wa Uganda, ambaye studio yake iko Kampala. Kabla ya hapo, mwaka 2017, alikuwa ametoa filme nyingine fupi juu ya zimwi la shuleni linalokula kazi za nyumbani za wanafunzi. Katika Herderboy, wachungaji ni nusu watu nusu mashine. Wanalinda ng'ombe wao kando ya ufalme wa Wachwezi, kwa sababu ng'ombe hao ndio chanzo cha madini ya thamani kubwa. Ndahura anataka kuhesabiwa katika wachungaji hodari. Anatoka kwenda porini, na huko anakutana na roho mbaya yenye ukali, na siri inayobadilisha maisha yake.

Ng'ombe, vilima, madini, kijana anayetaka kuonekana hodari. Mama, unaona sasa kwa nini watoto wa Masisi hawaiachi filme hii.

Imefikaje nyumbani kwetu?

Filme hizi hazikuanza kwenye majumba ya sinema. Zilitolewa moja kwa moja ili watu waziangalie nyumbani, kwa njia ya Disney+, huduma ya intaneti inayolipiwa kila mwezi. Lakini zilipotoka mwaka 2023, huduma hiyo ilikuwa haijafunguliwa Kongo, wala Uganda, wala Kenya. Kwa hiyo filme yenye jina la Kiswahili haikuwa na mlango wa halali wa kuingia katika nyumba nyingi za Waswahili. Hata mtoto wa Kampala, mji ule ule wa mtunzi, hakuweza kuilipia.

Hapa kwetu imefika kama vinavyofika vitu vingine vyote: mtu ameshuka Goma, amerudi na flashi, na kutoka flashi imeingia katika kadi za telefoni pale wanaposhaji. Watoto wetu na wajue kwamba nakala za namna hiyo haziwapi kitu wale waliofanya kazi ya kuchora. Ni vizuri kuwaambia, kwa maana pengine mmoja wao siku moja atakuwa mchoraji naye atataka kula kwa kazi ya mikono yake.

Nakala iliyozunguka hapa ni ya Kiingereza. Katika nyumba za video watu wamezoea filme za kuelezewa, zile za agasobanuye, ambapo mtu mmoja anasimulia kwa Kinyarwanda kila kinachotendeka. Kwa filme hii hakuna msimulizi. Basi watoto wenyewe wamegeuka wasimulizi. Mmoja anasimama mbele, wengine wanamsahihisha. Mimi kama mwalimu ninafurahi, maana mtoto anayesimulia kwa mpangilio, nini kilitangulia, nini kilifuata na kwa sababu gani, anajifunza kuandika insha bila kujua.

Wanabishania nini?

Nimewasikiliza darasani na uwanjani. Ubishi wa kwanza ni filme ipi kati ya 10 inashinda zote. Wavulana wengi wanachagua ile ya Mkhuzi, kijana wa mashindano ya mbio, ambaye hawezi kushinda mpaka ajifunze asili ya mama yake Mzulu. Wasichana wengi wanachagua Enkai, ya Ng'endo Mukii wa Kenya, juu ya mtoto mwenye uwezo wa kuumba, na mama yake Shiro aliyechoka kwa mzigo wa kuiokoa dunia. Huyu Ng'endo Mukii ndiye aliyetoa mwaka 2012 filme fupi inayoitwa Yellow Fever, juu ya wanawake wanaojichubua ngozi ili waonekane weupe. Sisi wenye mabinti tungefaidika nayo pia.

Ubishi wa pili ni kama Ndahura alifanya vizuri kutoka. Wengine wanasema ni ushujaa. Wengine wanasema ni ukaidi, kwa sababu mchungaji haachi wenzake. Hapo wanaongea pia juu ya kaka zao.

Ubishi wa tatu ndio ulionifanya niandike makala hii. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano aliwaambia wenzake kwamba wachungaji wa filme wanawalinda ng'ombe kwa kuwa ng'ombe wakifa, madini nayo yamekwisha. Halafu akauliza: vilima vyetu vinavyotoa koltani, ni nani anavichunga? Darasa likanyamaza. Hakuna kitabu cha shule kilichowahi kuwanyamazisha hivyo.

Wanajua wanachosema. Rubaya si mbali na hapa. Inakadiriwa kwamba migodi ile inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Kutoka koltani wanapata tantali, na tantali inatiwa ndani ya vyombo vidogo vya umeme katika telefoni. Kwa hiyo telefoni ambayo mtoto anaangalizia Herderboy yaweza kuwa na chembe ya kilima anachokiona kutoka mlangoni. Wakati huohuo, kila mwaka tunahesabu darasani viti vilivyobaki wazi, kwa sababu mtoto amekwenda kubeba mifuko au kuosha mchanga. Masomo ya shule ya msingi ya serikali yametangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi za namna hiyo. Mama wote tunajua ugumu uko wapi: njaa haisomi sheria. Lakini mtoto anayeanza kuuliza nani anachunga kilima, na nani anafaidi, ameanza kufikiri kama mtu wa kesho. Tusimfunge mdomo.

Mama nao walisema

Katika mkutano wa kikundi tuliizungumza filme hii, na hatukupatana katika yote.

Mama mmoja wa kanisa alisema hataki filme ya mizimu nyumbani mwake. Neno lake lina uzito. Ni kweli roho zimo, na jina Ndahura lenyewe ni la zamani. Huko Bunyoro, Uganda, wazee husimulia kwamba Nyinamwiru, binti wa mfalme Bukuku, alizaa mtoto wa kiume ambaye babu yake aliagiza atupwe mtoni, kwa kuogopa utabiri. Mfinyanzi alimwokoa, akakua, akachunga ng'ombe, na mwishoni akamshinda babu yake na kuwa mfalme wa Wachwezi. Mtunzi wa filme amechukua jina na ufalme akavipeleka katika wakati ujao. Mama mwingine akajibu kwamba sisi wote tulikua na hadithi za sungura na fisi, na za majitu yanayokula watu, na hatukuyaabudu majitu. Tuliachia pale: kila nyumba iamue, lakini iamue baada ya kuangalia, si kwa kusikia tu.

Mama wa tatu alileta jambo zito zaidi. Mtoto wake, ambaye amekimbia vita mara kadhaa, aliziba masikio pale roho mbaya inapopiga kelele, na usiku alilala vibaya. Hapo hakuna ubishi. Watoto wetu wamesikia silaha za kweli. Kishindo ambacho kwa mtoto wa mahali pengine ni mchezo, kwa wetu chaweza kurudisha usiku wa kukimbia. Kwa mtoto wa namna hiyo, punguza sauti au iondoe kabisa, aangalie mchana na wala si kabla ya kulala, akae karibu nawe. Akitaka kuacha, mwache aache, na wenzake wasimcheke. Akianza kusema juu ya yale aliyoyaona safarini, acha filme, msikilize yeye.

Kuangalia pamoja naye

Najua mama hana saa mbili za kukaa. Uzuri wa filme hizi ni ufupi: dakika 10 ni muda ambao maharagwe yanaendelea kuchemka. Telefoni ikiwa na moto kidogo tu, angalieni moja, mzime, muongee. Haya ni maswali niliyoyajaribu na watoto, na mama asiyejua Kiingereza, hata asiyejua kusoma, anaweza kuyauliza:

Nani anafanya kazi katika filme hii, na nani anakula matunda ya kazi?

Ndahura alitaka nini? Alikipata kwa njia nzuri?

Kitu gani kinafanana na kwetu? Kitu gani hakifanani?

Nini kilikuogopesha?

Ungekuwa wewe, filme ingeishaje?

Usimsahihishe upesi. Hayo maswali hayana jibu moja. Kijana mkubwa anayekaa kimya siku nzima, huenda akajibu juu ya Ndahura yale asiyoweza kujibu juu yake mwenyewe. Kama ana mpango wa kwenda mgodini bila kukuambia, hapo pengine utaunusa mapema.

Nasi tunaweza kuchora

Watoto wameuliza kama Mkongomani anaweza kutengeneza filme za kuchorwa. Anaweza, na amekwisha kufanya. Jean-Michel Kibushi alianzisha studio yake Malembe Maa mwaka 1988. Mwaka 1991 alitoa filme juu ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, hadithi ya Watetela, na mwaka 1999 akatoa Muana Mboka, juu ya mtoto wa barabarani huko Kinshasa. Alianza na hadithi za kwao, zile mama na bibi wanazosimulia jikoni.

Kwa hiyo niliwapa wanafunzi kazi: kuchora Bihambwe ya miaka 50 ijayo. Hatukuwa na rangi. Tulitumia bik, makaa na majani. Wengi walichora ng'ombe wenye taa kwenye pembe. Kadhaa walichora barabara ya kwenda Sake bila matope. Mmoja alichora hospitali yenye umeme usiku, na mama wamekaa nje wanaongea. Mwingine alichora kilima kilichojaa miti, na chini yake akaandika kwamba hapa palikuwa shimo. Hakuna hata mmoja aliyechora bunduki, na sikuwa nimewakataza.

Mama mwenye mtoto aliyechora, akuje na karatasi hiyo kwenye mkutano ujao wa kikundi. Tutazibandika ukutani, na watoto wenyewe watatusimulia. Asiye na telefoni asibaki nyumbani: hadithi ya Ndahura tutaisikia kwa mdomo, kama tulivyosikia zote.